Shemeji na Pshaa Yake

Wapo wanaonunua gari kwa macho, na wapo wanaonunua kwa mfuko. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alinunua lake kwa masikio. Ni Subaru Forester ya tabo, gia za mkono, injini nzima. Kasoro yake moja, kwa maoni ya mwenyewe, ilikuwa ukimya. Akiachia mafuta abadilishe gia, gari halisemi neno. La rafiki yake, Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ, likiachiwa husema "pshaaa!" na kuku wa mtaa mzima hutawanyika.

Nimtetee kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na mtu akishaonja tabo kwenye mlima ni vigumu kumrudisha alikotoka. Tena vijana hawa wamekulia kwenye hadithi za Safari Rally. Colin McRae aliishinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akaishinda kwa Impreza mwaka 2000, shemeji akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu Safari irudishwe kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, barabara ya Naivasha hujaa Subaru kila msimu wake, na kila moja ina lake la kusema. Mwenye gari bubu hafungui hata dirisha.

Asichotaka kusikia ni kwamba mlio huo hutoka kwenye valvu, na valvu ya kazi hiyo gari lake lilizaliwa nayo. Tabo huzungushwa na moshi wa injini, kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, nayo husukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Ukiachia mafuta, mlango wa hewa hujifunga ghafla, lakini tabo haijapata habari, ingali inasukuma. Hewa ikigonga mlango hurudi nyuma kuichapa feni iliyoituma. Valvu huifungulia upenyo. Ile ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kimyakimya kwenye paipu ya kuingilia, kabla ya tabo, izunguke tena. Ile aliyoitoa shemeji Kirinyaga Road, nyekundu, inang'aa, kwa bei ambayo dada yake hajaambiwa mpaka leo, huimwaga nje. Hiyo pshaa ndiyo hewa inayomwagwa.

Fundi alikuja na spana namba 12 na matumaini. "Boliti mbili tu, bosi. Chai haitapoa." Kweli boliti ni mbili, na valvu yenyewe iko juu peupe, pembeni ya intakula, kile kipoza hewa ya tabo. Mimi nilipewa cheo cha kushika tochi, kwa kuwa kufikia hapo jua lilikuwa limeshazama.

Shida ilianzia kwenye kipaipu chembamba kinachoipa valvu amri. Hicho lazima kitoke kwenye manifodi, ng'ambo ya mlango wa hewa, kwa sababu ni huko tu ambako mlango ukifungwa presha hugeuka kuwa mvuto, na mvuto huo ndio unaoinua valvu. Kipaipu cha fundi kilikuwa kifupi. Akakichomeka kilipofikia, upande wa huku wa mlango. Sasa valvu ikasukumwa juu na chini kwa presha ileile, ikakaa imefunga kama ilivyo. Wakaenda kulijaribu gari, na badala ya pshaa likarudi linasema "tu-tu-tu-tu-tu". Shemeji alishuka ameng'aa kuliko valvu. Nikamweleza kwamba huo ni mlio wa tabo inayochapwa makofi na hewa yake yenyewe. Akaniuliza kama najua wanapouza stika.

Kipaipu kikahamishwa. Likabaki tundu kwenye paipu ya kuingilia, lile ambalo valvu ya zamani ilikuwa ikirudishia hewa. Fundi akalitazama, akapapasa mfukoni, akatoa kipande cha shuka. Hapo niliweka tochi chini. Tundu lile linavuta, na mbele yake kuna feni ya tabo, haina simile na shuka ya mtu. Baada ya mjadala ambao majirani waliufuata wakiwa madirishani, kikapatikana kifuniko cha mpira na klipu ya kukaza.

Na kweli, gari likasema pshaa. Lilisema usiku kucha.

Ila kompyuta ya injini haikualikwa kwenye sherehe. Kwenye Forester hiyo kuna sensa inayopima hewa mara tu inapotoka kwenye chujio. Ikishapima imeshapima: ni kama mwenye duka aliyekwishaandika unga kwenye daftari la madeni, ukiumwaga njiani, shauri yako. Kompyuta inamimina petroli ya kutosha hewa yote iliyoandikwa, wakati sehemu yake imeshatoka kwa pshaa. Petroli inazidi, moshi mweusi unatoka, nyingine inakwenda kulipukia kwenye ekzosi. Ile 1JZ ya rafiki yake hupima presha ndani ya manifodi badala ya kuhesabu hewa mlangoni, kwa hiyo haidanganyiki kirahisi. Haya nilikuwa nimeyasema. Yaliingia sikio lisilonunua magari.

Jumapili asubuhi shemeji alimpakia mama yake kwenda kanisani. Walipofika getini akaachia mafuta. Pshaa, kisha "PAA!" Soja akalala kifudifudi, kitabu cha wageni kichwani. Gari likazimika palepale, limeziba geti, na nyuma yake foleni ya waumini wakaanza kupiga honi na kutamka mambo ambayo padri angependa kuyasikia kwa faragha. Mama mkwe alishuka na Biblia yake, akalizunguka gari taratibu, akauliza, "Wewe mtoto, hiki chombo umekilisha nini?" Akaenda kwa miguu.

Valvu ya kiwandani ilirudi jioni ileile, na safari hii nilishika tochi nikiwa na masharti. Gasketi mpya, si silikoni ya kupakapaka. Paipu ya kurudishia hewa mahali pake, klipu zimekazwa. Kipaipu cha amri kwenye manifodi, peke yake, bila kugawana na saa ya presha aliyoibandika kwenye dashibodi. Kisha povu la sabuni kwenye maungio, na presha ndani, tuone panapotoa mapovu. Hapakutoa.

Ile nyekundu ikabaki juu ya sanduku la spana. Jirani wa mlango wa pili, mwenye Probox, alikuja akaigeuzageuza, akauliza bei.

"Gari lako lina tabo?" nikamuuliza.

"Halina. Kwani lazima?"

Nikamgeukia fundi aseme ukweli. Alikuwa ameshaifungua boneti ya Probox, anapima kwa viganja. "Njia haikosi, bosi," akasema. "Lete ya soda kwanza."