Tangi la Darasa la Sita

Ijumaa jioni nilikuwa barazani na kahawa yangu, sina ugomvi na mtu, binti yangu wa darasa la sita akaniletea daftari. Swali lenyewe: bomba la juu hujaza tangi kwa saa 4, bomba la chini humaliza tangi lililojaa kwa saa 6. Yakifunguliwa yote mawili kwa pamoja, tangi tupu litajaa baada ya saa ngapi?

Nikamuuliza ni mpumbavu gani anayejaza tangi huku kaacha bomba la chini wazi. Kwa bili hizi?

"Baba, jibu swali."

Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwambie afunge bomba la chini!"

Hilo ndilo jibu la mtu mwenye akili, na mwalimu asingelipa hata nusu alama. Basi tukatafuta kigawe kidogo cha shirika, robo tukaitoa sudusi, ikabaki moja ya kumi na mbili. Saa 12. Binti akapiga mistari miwili chini ya jibu, akaenda zake kulala kama mtu aliyemaliza matatizo ya dunia.

Mimi nikabaki na tangi langu. Lipo uani, juu ya nguzo za zege, la lita 1,000, na kwa wiki tatu mfululizo nilikuwa nikiliona likiamka nusu. Na hakuna aliyeniandikia kwa sentensi mbili zilizonyooka bomba gani linafanya nini.

Fundi nilikuwa nimemwita Jumatatu. Shuleni tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mafundi nao wanayo yao, ila wao huanzia mwishoni: toa kianzio. Nikatoa. Hakupanda kuangalia tangi, hakuuliza maji yanakuja saa ngapi. Alisema, "Bosi, hapa bomba limepasuka chini ya ardhi," akashika sururu. Alichimba kutoka getini mpaka mlango wa choo. Tulipata kijiko, kandambili moja ya mtoto na bomba zima lisilo na hata jasho.

Kuna mwanahisabati aliyeitwa George Pólya, mzaliwa wa Budapest, aliyeishia kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwaka 1945 alitoa kitabu, How to Solve It, kuhusu namna ya kulikabili swali linalokushinda. Kwanza lielewe: unatafuta nini, umepewa nini? Halafu panga njia, ifuate, na ukimaliza rudi nyuma ukague. Ukikwama, tafuta swali dogo linalofanana nalo, ulitatue hilo kwanza. Fundi wangu alianzia hatua ya tatu. Ile ya nne alipaswa kuifanya Jumanne, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Nikaamua kumfuata Pólya mwenyewe. Swali dogo la tangi ni ndoo. Maji ya mtaani kwetu huja Jumanne na Ijumaa, saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri. Nikakaa getini na msuli wangu, simu mkononi, nikapima: ndoo ya lita 20, dakika 5. Yaani lita 240 kwa saa, lita 1,440 kwa usiku mmoja. Tangi lilipaswa kujaa na maji mengine yabaki. Asubuhi: nusu. Nikaanza kumtazama mpangaji wa chumba cha uani kwa jicho baya. Anaoga sana yule kijana.

Jumamosi nikaazima ngazi kwa jirani. Kuna kisa cha ngamia 17 walioachwa urithi kwa wana watatu: mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, wa mwisho moja ya tisa. Hawagawanyiki. Mzee mmoja akaongeza ngamia wake, wakawa 18. Wakachukua 9, 6 na 2, jumla 17, mzee akaondoka na ngamia wake. Kisa kitamu, ila ni wazi hakikutungwa mtaani kwetu. Huku kitu kikiazimwa hakirudi kwa miguu yake.

Binti ndiye aliyepanda, mimi nikishika ngazi na kutoa maagizo. Akachungulia ndani.

"Baba, huu mkono wa boya umekunjwa."

Nikanyamaza. Mwaka jana tangi lilikuwa likifurika usiku, bili ikapanda, nami nikaukunja ule mkono kwa koleo ili boya lifunge maji mapema. Nilijisifu wiki nzima. Kumbe wiki tatu hizi nilikuwa nauliza maji yanakwenda wapi, na maji yenyewe hayajaingia. Mpangaji hajaiba hata kikombe. Mama watoto alikuwa dirishani, hakusema neno. Alifunga pazia taratibu, jambo lililoniuma zaidi.

Nikamwambia binti aunyooshe. Usiku wa Jumanne tangi likajaa pomoni, mara ya kwanza tangu mwaka jana, nikalala fofofo. Nilikuwa nimesahau kwa nini niliukunja.

Leo alfajiri jirani amegonga geti. Nikadhani amefuata ngazi yake, nikaanza kuomba radhi kabla sijafungua. Kumbe amekuja kunionyesha gunia lake la mkaa, aliloliegemeza kwenye ukuta wetu, linachuruzika maji meusi.