Kila Nikifika, G Imeshaondoka

Wenzangu wananunua simu kwa raha zao. Mshahara umeingia, mtu anapita mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anachagua rangi, anarudi nyumbani na mfuko wa karatasi unaning'inia. Mimi simu mpaka initimue. Kioo kiwe kimepasuka hadi kidole kinatoka damu. Betri iwe imevimba, kava linainuka lenyewe. Mtu akinipigia anaambiwa sipatikani, na mimi hapa nimeishika simu mkononi naitazama.

Na hata hapo sinunui. Naulizia kwanza. Kuulizia ndiko kunakoniponza, maana mtaani kwetu Mbagala kila mtu ni injinia wa mitandao isipokuwa mimi. Mangi wa dukani anajua. Bodaboda wa pale kona anajua. Mama wa vitumbua juzi kaniambia, "Baba Zai, usije ukanunua 4G saa hizi, utalia." Hata hakuniangalia, anageuza vitumbua. Mimi nikasema eeh. Mambo ya simu huwa nasema eeh, ndiyo yanaisha haraka.

Lakini nyie mnaonicheka, mimi na teknolojia tuna kesi ya siku nyingi. Televisheni yangu ya kwanza ya maana, ya chogo, niliinunua pamoja na antena ya nje, ile ya kwenye mlingoti mrefu. Mlingoti ulinigharimu kuliko televisheni. Sijamaliza hata kuringa, Dar ikazima analojia usiku wa Desemba 31, 2012. Watu wanapiga mafataki ya mwaka mpya, mimi nimekaa natazama chenga. Mlingoti upo mpaka leo. Kunguru wanautumia.

Nikahamia kwenye simu. Nilikuwa na simu nzuri sana, laini mbili, muziki wake unasikika nyumba ya tatu. Jina lake lilifanana na la ile kampuni kubwa, herufi moja tu imezidi, nikajua wameiongezea ubora. Ikafika Juni 2016, serikali ikazima simu feki nchi nzima. Kabla ya hapo tulitangaziwa tubonyeze *#06#, itokee namba ya IMEI, tarakimu 15, mtu uihakiki. Kijiweni wakabonyeza wote, zikatoka namba za kawaida kawaida. Mimi zikatoka sifuri tupu, zimejipanga. Nikawaonesha kwa madaha. Nilijua ni namba ya VIP.

Basi. Nikakaa na kitochi. Nikawa na amani, sitaki kusema uongo. Chaji wiki nzima, tochi inamulika mpaka kwa jirani. Ila amani hiyo shemeji yangu hakuifurahia.

Shemeji yuko Marekani, Minnesota. Mwaka 2022 kampuni za kule zikawa zinazima 3G, yale masafa wayapeleke kwenye mitandao mipya. Simu ya shemeji ikawa haina kazi. Mtu mwingine angeitupa. Yeye akamkumbuka mume wa dada yake. Ikaja na mgeni, imeviringishwa ndani ya soksi, na salamu kwamba bado nzima kabisa. Naweka laini, inadai namba ya kuifungulia kutoka kampuni ya kule. Fundi akaifungua kwa hela ambayo Mama Zai mpaka leo anaamini ilikuwa ya fundi bomba. Ikawaka. Pale juu ikaandika E.

Mimi nikajua bando limekata, kama geji ya mafuta kwenye bajaji. Nikanunua bando. E. Nikanunua lingine kubwa zaidi. E. Nikarudi kwa fundi na hasira zangu. Fundi akanisemesha kwa ile sauti wanayotumia wodini: 3G ya simu hii inashika masafa ya kwao kule, 850 na 1900. Huku kwetu 3G inategemea sana 2100. Ikiitafuta ikaikosa, inateremka mpaka 2G, ndiyo hiyo E, hapo hata picha ya mtoto wa mjomba haifunguki. Nikamuuliza, sasa nifanyeje? Akasema, "Mzee wangu, we piga nayo picha tu."

Nikaiuza. Nikanunua ya mkononi, imeandikwa 4G LTE mgongoni, maandishi ya fedha. Safari hii nimepata, nikasema. Kumbe laini yangu ni ile ya kale, ina umri mkubwa kuliko Zai, haijui 4G ni nini. Simu ina 4G, mtaa una 4G, laini katikati imekaa na ujinga wake. Ikabidi nikaibadilishe kwa wakala chini ya mwavuli. Kubadilisha laini lazima vidole. Naweka kidole, kifaa kinakataa. Cha pili, kinakataa. Kijana akanishika mkono, akanifuta vidole kwenye jinzi yake, hadharani, foleni yote inatazama. Kinakataa. Akaniuliza, "Mzee unafanya kazi gani?" Nikamwambia natunza stoo. Akaniangalia vidole, akaniangalia usoni, akasema, "Lala na mafuta ya mgando, urudi kesho." Mama mmoja nyuma yangu akaitikia amina.

Nilirudi kesho yake nimeteleza mpaka viwikoni. Laini nikapata. Sasa 4G inaonekana, raha. Lakini mtu akinipigia tu, 4G inashuka yenyewe inakuwa H. Nikikata, inapanda. Fundi akaniambia, "Simu yako haina VoLTE, sauti haipiti kwenye 4G, lazima ishuke 3G ndiyo uongee." Nilivyosikia volti nikamtolea chaja. Alicheka mpaka akaweka chini kile kichuma cha kuchomelea.

Na hapo nimeshatulia, nataka kufa na simu hiyohiyo, ndipo Zai akaja na yake. Zai yuko chuo. "Baba, hii yako haipokei tena masasisho, siku moja programu ya benki itaigomea." Nikamuuliza benki nina nini mpaka inigomee. Akaona aibu kunijibu. Lakini neno likaniingia. 5G imezinduliwa nchini tangu Septemba 2022, nami naisikia redioni tu. Nikasema hapana. Mara hii naiwahi G ikiwa mbichi.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka akaniuliza, "Unataka inayoshika 5G?" Nikasema eeh. "Kwani unakokaa 5G ipo?" Nikasema eeh. "Umehakikisha?" Nikasema eeh. Akanyamaza, nadhani alinihurumia, lakini si sana, maana alinipa ya mkopo. Kianzio unatoa pale, halafu rejesho kila siku. Siku usipolipa simu inajifunga, inabaki kukudai tu. Nilimwambia Mangi akaniambia ningengoja 6G, inatajwa 2030. Nikapiga hesabu ya marejesho yangu, nikaona nisiendelee kupiga.

Nafika nyumbani, naiwasha mbele ya wapangaji wenzangu wote. Sebuleni, 4G. Chumbani, 4G. Uani kwenye kamba za nguo, 4G. Dulla wa chumba cha mbele akaniambia nitembee nayo taratibu. 5G hii ikipita kwenye masafa ya juu, 2600, 3500 huko, mbio inazo ila haifiki mbali na ukuta unaishinda, lazima utafute mahali pa wazi. Nikatembea. Nikazunguka tangi la maji. Nikapita jikoni kwa Mama Salma, akaniona. Nimefika mlangoni kwa choo, choo chetu cha nje cha nyumba nzima, ikaruka juu pale: 5G!

Nikirudi nyuma hatua mbili, inapotea. Nikisogea mlangoni, inarudi.

Sasa mtu mzima nifanyeje? Simu nadaiwa kila siku. Nikawa nakwenda kusimama pale. Asubuhi kabla ya kazi, niko mlangoni kwa choo. Jioni, niko mlangoni kwa choo. Mtu akija ananiuliza, "Kuna mtu?" Nasema hapana. "Sasa wewe unangoja nini?" Nasema wewe pita tu. Anaingia. Anajua niko nje. Anakohoa. Mimi niko nje natazama magoli ya Simba na Yanga bila kukwama hata sekunde. Na hapo napo nilipigwa, maana kasi ikiwa nzuri video inajipandisha ubora yenyewe, jasho la golikipa unaliona, na bando nalo linakwenda na golikipa. Lile bando lililokuwa linanifikisha Ijumaa siku hizi halivuki Jumatatu.

Wapangaji wakaanza maneno. Mama Salma akaniletea uji wa mchele, akauweka bila kusema kitu. Dulla, ambaye anajua ukweli wote, akawa ananiambia pole mbele za watu. Usiku wa manane niko pale, kimwanga cha simu kinanimulika kidevu, bibi wa chumba cha nyuma akanifungulia dirisha: "Mwanangu, mkojo au tumbo?" Nikamwambia 5G, bibi. Akasema Mungu atasaidia.

Kilichoniua ni huruma ya Mama Zai. Mama Zai akinionea huruma hatangazi, anatenda. Jumamosi niko kazini, akafunua kitambaa cha meza, akachukua hela ya rejesho niliyoificha pale, akaenda nayo duka la dawa. ORS. Flajili. Na ndizi za kukausha tumbo. Mimi sijui lolote. Jioni nimerudi, nimekwenda zangu kwenye kituo changu, beki anapanda na mpira, anapiga krosi, kioo kikawa cheupe. Maandishi makubwa: LIPA. Nabonyeza huku, LIPA. Nabonyeza kule, LIPA.

Nilipiga ukelele kidogo. Mama Zai akatokeza kichwa jikoni, mwiko mkononi.

"Vipi huko, Baba Zai?"

Mimi macho yako kwenye kioo, nguvu zimeniisha. Nikasema, "Imefunga."

"Alhamdulillahi!" Akageukia dirishani kwa bibi. "Bibi! Imefunga!" Nyumba nzima ikapiga vigelegele.