Taa za Bella

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Bwana Manningham huvaa koti, huaga, hutoka. Hazipiti dakika nyingi, taa za sebuleni zinaanza kufifia, na juu, kwenye ghorofa iliyofungwa, zinasikika nyayo za mtu. Mkewe, Bella, amekaa peke yake roho juu. Baadaye mwanga unapanda tena, na si punde mume anabisha hodi.

Nyumba hiyo ni ya tamthilia, Gas Light, aliyoiandika Mwingereza Patrick Hamilton mwaka 1938. Kisa chenyewe ni cha London ya 1880, wakati nyumba zilipata mwanga kwa gesi iliyopita ndani ya mabomba. Ukiongeza taa moja, gesi inagawanyika na zile nyingine zinapungua nguvu. Bella hakuhitaji kufundishwa hilo. Mwanga ukishuka, maana yake kuna mtu ndani ya nyumba kawasha taa pengine.

Lakini angemwambia nani? Mume alikwisha kumharibia ushahidi kabla hajafungua kinywa. Picha inatoweka ukutani, anaambiwa kaificha yeye. Risiti ya duka haionekani, kaipoteza yeye. Anasutwa mbele ya watumishi, kisha anakumbushwa kwamba mama yake mzazi alikufa na wazimu. Hilo la mama ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mtu hawezi kujitetea dhidi ya damu yake. Bella akaanza kuogopa akili zake mwenyewe.

Na huko juu ni mume yuleyule, aliyezunguka na kurudi kwa siri kutafuta yakuti za Alice Barlow, bibi kizee aliyemuua humo humo miaka mingi nyuma.

Tamthilia ilitengenezwa kuwa filamu Uingereza mwaka 1940, kisha Marekani mwaka 1944, ambako Ingrid Bergman alitwaa Oscar kwa kuigiza mke huyo. Kutoka hapo Kiingereza kikapata kitenzi, gaslight, yaani kumfanya mtu azitilie shaka akili zake, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ikaitangaza gaslighting kuwa neno la mwaka. Siku hizi wengi wanalitupia kila uongo, hata wa mtu aliyechelewa chakula cha jioni. Mimi sikubali. Mwongo wa kawaida anataka uyaamini maneno yake. Mtu kama Manningham anataka usiyaamini macho yako, na akifanikiwa hahitaji hata kukufungia mlango. Tena taa hazikuwa hila ya Manningham. Alizihitaji kwa upekuzi wake tu, nazo ndizo zilizomchongea.

Aliyemwokoa Bella ni mzee Rough, mpelelezi wa zamani. Alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, na mwanga ulipobadilika aliuona naye. Hapo tu ndipo mwanamke alipojua kwamba hana wazimu. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kisa chote, kuliko yakuti na kuliko hata mume kutiwa mbaroni.

Sheria za wakati wa Bella zingeweza kumshtaki mume kwa mauaji ya yule bibi, lakini si kwa aliyomtendea mkewe. Tangu Desemba 2015, huko England na Wales, kumtawala na kumtisha mwenzi kwa mwenendo wa aina hiyo ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5.