Ajenda ya Mwisho: Mengineyo
Nchini Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Hapo ndipo mipango ya maendeleo hujadiliwa na mapato na matumizi husomwa. Husomwa kweli, ila mara nyingi kwa sauti ya mtu anayenong'ona msibani. Mkutano wa saa 4 huanza saa 6, na mwenye swali huombwa asubiri "mengineyo", ajenda inayowadia mwenyekiti akiwa tayari ana udhuru. Karatasi ya mahudhurio, hiyo haichelewi: huzungushwa mapema, na kalamu yake haikosi wino. Ndiyo ushahidi wa ushirikishwaji, nao hupanda hadi kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya inakopitishwa bajeti. Zahanati iliyoombwa huweza kurudi ikiwa matundu mawili ya choo, na wananchi hupongezwa kwa kuibua mradi. Mkazi anayetaka kusikika na aulize kabla ya kusaini, kisha ahakikishe swali lake limeandikwa kwenye muhtasari.