Tangi Lililotoroka Kitengela

Kwetu Kitengela maji ya kuoga huletwa na boza. Hupandishwa kwenye tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa chuma wa mita 3, kisha uvutano wa dunia huyateremsha hadi bafuni bila pampu wala gharama ya stima. Kimo cha mita 10 huyapa maji presha ya baa 1 hivi. Mita zetu 3 hutoa kama theluthi ya hiyo, nasi tunashukuru.

Mwaka ule mvua za Machi ziliwahi. Udongo mweusi wa huku ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba na kuteleza kama mlenda. Madereva wa maboza wakakataa kuiacha lami ya barabara ya Namanga. Tukapika, tukafua, tukaoga, hadi tangi likakauka.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lililojaa hubeba tani nzima, na msuguano kati ya kitako chake na mbao za mnara hukua kwa kadiri ya uzito huo. Upepo hulipiga ukapita. Likiwa tupu, uzito umekwenda na msuguano umekwenda nao, ilhali ubavu unaopigwa na upepo ni ule ule.

Alasiri moja upepo unaotangulia mvua ulilisukuma polepole hadi ukingoni, likaanguka. Lingetua kwa kitako lingekwama papo hapo. Lilitua kwa ubavu, likabingirika, na kitu kinachobingirika ardhi hukizuia kidogo mno kuliko kinachoburutwa. Lilikata kamba ya nguo, likazoa shuka mbili za mama mkwe, likashika mteremko wa mtoni. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kajiado mjini kututembelea, alilifuata mbio akiziita shuka zake.

Ua wa miiba wa boma la jirani ndio uliolisimamisha. Mzee mwenye boma aliligonga kwa fimbo, likalia ngoma.

"Lilikuwa na maji?"

"Yaliisha jana, mzee."

"Aa, basi."

Mvua ikashuka. Ilipokatika, shemeji alitaka tulibingirishe kurudi nyumbani, naye alikuwa na haki ya kuwaza hivyo, kwa kuwa lilikuja kwa njia hiyo. Lakini sasa ni kupanda, na kila mzunguko uliokota tabaka jingine la tope hadi tangi likawa zito kupita kiasi. Shemeji alisukuma kwa nguvu zake zote. Tangi likatulia, yeye akarudi nyuma: anayesukuma huhitaji ardhi imshike miguu, na viatu vyake vya mpira vilikuwa vimejaa matope hadi soli haikuwa na meno. Vijana wa mzee walivua viatu, wakalikwangua tope, wakalibeba mabegani, vidole vya miguu vikichimba ardhi kila hatua.

Fundi alilifunga kwa waya nene kwenye pembe nne za mnara. Mama mkwe hakuridhika na waya peke yake. Alichora mstari mweusi ubavuni, usawa wa lita 200, akatangaza kwamba kilo hizo 200 ni za kulikalisha tangi na haziguswi.

Wiki iliyofuata, boza likiwa limeshatujazia tena, maji yalishuka hadi mstarini shemeji akiwa bafuni, povu kichwani. Mama mkwe akafunga koki.

"Mama, nimalizie tu!"

"Kuna beseni la maji ya mvua hapo mlangoni, mwanangu. Nyoosha mkono."