Fatwa ya Kopo

Wapo mabwana wa Chake Chake, wacha Mungu wasio na shaka, ambao, wakisha kusali laasiri na kuketi barazani, hufungua kopo la Bavaria isiyo na kilevi, iliyopikwa Lieshout huko Uholanzi, wakainusa shayiri yake, wakauonja ule uchungu wake wa mbali, kisha wakatoa fatwa kwamba ladha hiyo haina tofauti hata chembe na ile ya bia yenyewe. Nami, kwa adabu, sijathubutu kumwuliza yeyote kati yao kipimo hicho amekipata wapi. Kopo nalo hushikwa kwa hadhari, sifuri iliyoandikwa juu yake ikielekea barabarani, wapita njia wasije wakadhani vyengine. Maskini tembo la mnazi, ambalo likiteremshwa alfajiri ni tamu na halali, na kufika magharibi, bila ya kuguswa na mkono wa mtu, limekwisha kuwa haramu, halikujaaliwa kuandikwa chochote kibuyuni! Na bei ya kopo, kila mmoja wa mabwana wale, ambaye kwa shilingi mia ya chai hubishana hadi isha, huilipa kimya.