Barua ya wazi kwa Spika: tusimulieni miaka ya Rose Kabuye mjini Kigali

Kwa Mheshimiwa Gertrude Kazarwa,
Spika wa Baraza la Wabunge,
Kimihurura, Kigali.

Nyakubahwa Spika,

Najua meza yako haikosi kazi na mlango wako haukosi wageni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Gisenyi, sina cheo cha kunifanya nikuandikie mtu wa daraja lako, na nisingethubutu kama jambo lenyewe lisingenikaa moyoni muda mrefu. Nimeona niandike hadharani ili wakazi wenzangu wa Rubavu waone nilichokuomba, na wanirudi mapema nikiteleza katika adabu.

Pokea kwanza pongezi zetu. Uchaguzi wa Julai 2024 uliwapeleka bungeni wanawake 51 katika viti 80, na mwezi uliofuata wenzako wakakukabidhi kiti cha Spika. Wanafunzi wangu wanaitaja hesabu hiyo bila kusitasita, wasichana na wavulana. Wanaitaja kama kitu kilichokuwapo tangu zamani, na ndipo panapoanzia ombi langu.

Ombi linamhusu mwanamke aliyekaa katika jengo lako akiwa askari, kabla ya kuja kuwa mbunge: Luteni Kanali mstaafu Rose Kabuye. Alizaliwa Muvumba mwaka 1961, akakulia ukimbizini Uganda, akasoma Chuo Kikuu cha Makerere. Badala ya kutafuta kazi ya ofisini kwa shahada yake, alishika bunduki, na akawa miongoni mwa maofisa wa Inkotanyi, jeshi la RPF, katika vita vilivyoanza Oktoba 1990. Wanawake wa ngazi yake katika jeshi lile walikuwa wa kuhesabika.

Jengo lako, Mheshimiwa, wewe unalijua kuliko mimi. Wakati ule liliitwa CND. Tarehe 28 Desemba 1993, kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha, askari 600 wa Inkotanyi waliingia humo kuwalinda viongozi wao waliotarajiwa kujiunga na serikali ya mpito. Kabuye alikuwa humo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, askari hao hao walipigana kutoka hapo huku mabomu yakilipiga jengo. Alama za makombora zimeachwa ukutani hadi leo kwa makusudi, juu ya paa kuna sanamu za askari na bunduki yao kubwa, na tangu 2017 kuna jumba la makumbusho ndani. Mgeni akifika hapo anasimuliwa vita vizuri sana, na kwa hilo tunashukuru.

Ninachokuja kukuomba ni habari za baada ya vita.

Kigali ilikombolewa tarehe 4 Julai 1994. Kabuye akapewa mji huo auongoze, akauongoza hadi 1998. Mtu akisoma wasifu wake, miaka hiyo minne anaikuta imeandikwa kwa mstari mmoja: alikuwa meya wa Kigali. Nyakubahwa Spika, naomba tukae kidogo juu ya mstari huo. Ni mji gani aliokabidhiwa? Mji wenye maiti majumbani, makanisani na mitaroni. Mji usio na maji bombani wala umeme. Wafanyakazi wa manispaa wengine walikuwa wameuawa, wengine walikuwa wameua na kukimbia. Serikali iliyosimamia mauaji ilikuwa imeondoka na fedha za Benki Kuu. Njia iliyopita ni hii ya kwetu: Gisenyi ilikuwa kituo chake cha mwisho kabla ya kuvuka kwenda Goma katikati ya Julai. Watu wapatao milioni moja walivuka siku zile. Wazee wa hapa wanakumbuka barabara ya kwenda bariyeri ya mpakani ikiwa haina nafasi ya kuweka mguu.

Nayataja ya Gisenyi kwa sababu sisi ndio mlango. Novemba 1996 mlango huo ulifunguka upande wa pili. Kambi za Mugunga karibu na Goma zilipovunjika, wakimbizi kwa malaki walirudi kwa miguu siku baada ya siku, mikeka kichwani, masufuria yakigongana, watoto wameunganishwa mikono kwa kamba wasipotee. Walipita kwetu wakaendelea na safari. Wengi walikuwa wakielekea kwenye nyumba zao. Na nyumba nyingi, hasa mjini Kigali, zilikuwa na watu wengine ndani: wakimbizi wa 1959 na watoto wao, waliorudi kutoka Uganda, Burundi na Kongo baada ya miaka zaidi ya 30 wakakuta milango iko wazi. Wapo pia manusura waliokuwa wakiishi nyumba za watu kwa sababu zao zilichomwa. Basi mbele ya mlango mmoja walisimama watu watatu, kila mmoja na haki yake na machungu yake, na mmoja kati yao huenda alimwaga damu ya ndugu wa mwenzake.

Nani alikuwa akiamua? Aliamuaje? Askari amefundishwa kutii amri na kutoa amri. Mtu wa siasa analazimika kumsikiliza hata yule anayemchukia, akatoa uamuzi, na kesho akakutana naye sokoni. Mwanamke aliyetoka msituni akiwa na cheo begani alivuka vipi kutoka kazi ya kwanza hadi ya pili, tena pasipo mtu wa kumwonyesha njia? Hilo ndilo ninalotamani wanafunzi wangu wasikie kutoka kinywani mwake.

Kwa sasa wanachokisikia ni kingine. Nikilitaja jina lake darasani, wachache wanaolifahamu wananijibu: “Yule aliyekamatwa Ujerumani.” Siwalaumu. Tarehe 9 Novemba 2008, akiwa mkuu wa itifaki ya Ikulu, alikamatwa Frankfurt kwa hati ya jaji wa Ufaransa, Jean-Louis Bruguière, aliyewatuhumu yeye na viongozi wengine wa Rwanda kwa kuiangusha ndege ya Rais Habyarimana. Siku chache baadaye alipelekwa Paris. Watu waliandamana Kigali. Kesi ikaburutwa miaka kumi, hadi Desemba 2018 majaji wa Ufaransa walipoifuta kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na Februari 2022 mahakama yao ya juu ikathibitisha uamuzi huo. Ni habari kubwa, inayostahili kufundishwa. Lakini inaniuma kwamba mtu aliyeshika Kigali katika saa yake mbaya kuliko zote akumbukwe kwa alichotendewa uwanja wa ndege, na alichokitenda yeye kwa miaka minne kikaachwa.

Tukitazama majirani, Uganda wana Jenerali Proscovia Nalweyiso, aliyeingia msituni miaka ya 1980 na kupanda hadi ujenerali. Kenya wana Meja Jenerali Fatuma Ahmed, ambaye mwaka 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa Jeshi la Anga. Nawaheshimu wote wawili na wanafunzi wangu nawasimulia habari zao. Ila sifa yao imejengwa ndani ya jeshi. Mwanamke aliyetoka vitani akakabidhiwa mji mkuu uliovunjika, auzoe taka, auzike maiti, aurudishie maji na awapatanishe watu wake, katika ukanda wetu huu simjui mwingine.

Kwa unyenyekevu wote basi, Nyakubahwa, naliomba Bunge unaloliongoza limwalike Luteni Kanali Kabuye, pamoja na wale waliofanya naye kazi katika manispaa ya wakati ule, madereva, makarani, wauguzi na viongozi wa mitaa, watoe ushuhuda wao wa miaka ya 1994 hadi 1998, urekodiwe na uchapishwe. Waulizwe kwa heshima, lakini waulizwe kila kitu. Waulizwe habari za nyumba. Wapo pia watu, nao wana haki ya kuuliza, wanaosema kwamba meya wa wakati ule aliteuliwa, hakupigiwa kura, na kwamba raia anaogopa kumbishia kiongozi aliyetoka jeshini. Swali hilo si la utovu wa heshima. Mimi naliona ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu jibu lake analo yeye peke yake, na wasichana wangu wanaotaka kuingia jeshini, nao wapo, wanalihitaji jibu hilo kuliko wanavyohitaji sanamu nyingine.

Naomba pia usichoke nami nikiongeza kwamba ushuhuda huo utoke katika lugha zetu nne. Bunge hilo hilo ndilo lililopitisha sheria mwaka 2017 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Sisi wa mpakani tulifurahi mno. Kiswahili ndicho wanachouzia mama zetu wa mtaa wa Mbugangari wanaovuka na nyanya na karoti kwenda Goma alfajiri, ndicho wanachotumia kumwomba afisa wa forodha awapitishe kabla mzigo haujaharibika. Lakini katika maktaba ya shule nikitafuta kitabu cha Kiswahili kinachosimulia historia ya Rwanda ya baada ya 1994, naishia kuwatafsiria wanafunzi mimi mwenyewe ubaoni, na chaki inaisha kabla ya habari.

Mwezi Januari 2025, Goma ilipoanguka, makombora yalivuka mpaka yakaua watu hapa Rubavu. Shule zilifungwa. Tuliporudi darasani, wanafunzi waliniuliza vita vikiisha huwa kunafanywa nini, nani anaanza, anaanza na lipi. Niliwajibu kwa kadiri ya ujuzi wangu, ambao ni mdogo. Yupo nchini mwetu anayeweza kuwajibu vizuri kuliko mimi. Amepita miaka 60 sasa, na baadhi ya waliofanya naye kazi ni wazee kuliko yeye. Ndiyo maana nimeshindwa kusubiri nafasi nyingine ya kukuandikia.

Endapo itakupendeza, baadhi ya vikao hivyo vifanyike hapa Rubavu, ili na wale walioona watu wakienda na wakirudi nao wapate kusema. Ukumbi tutautafuta sisi, viti tutaazima makanisani na misikitini, na wanafunzi wangu watajitolea kuandika kila neno litakalosemwa kwa Kiswahili.

 

Wako katika utumishi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Gisenyi, Wilaya ya Rubavu.